Mwalimu Yoyote

Ko.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama kokoto iliyodondokea mwamba. Ni chaki ikigonga ubao. Mwalimu Machibya amestaafu mwaka wa sita sasa. Kengele ya shule ameisahau, na wakuu wa shule waliompitia kichwani kama mawingu yasiyonyesha amewasahau hata majina, lakini mlio ule haujamtoka. Huusikia akiwa anachota maji. Huusikia akiwa ameinama kuvua viatu.

Ilikuwa nukta. Alikuwa akichora mzigo ubaoni, akichora mishale ya nguvu zinazousukuma na kuuvuta, kisha anageuka, chaki juu, macho yanacheka.

"Tunataka kujua kama mzigo huu utapinduka. Tupimie kutoka nukta gani?"

"Yoyote!" darasa zima lilijibu kwa pamoja, madirisha yakatetemeka.

Naye anagonga popote pale. Ko. Na kweli, hesabu ilitoka. Akifuta nukta na kuigonga kwingine, ilitoka vilevile. Wanafunzi wakampa jina, Mwalimu Yoyote. Alilijua, na alilipenda kama mtu anavyopenda shati lililomkaa vizuri.

Alizaliwa Magu, mtoto wa saba wa mfugaji, akasomea ualimu Butimba, akapangiwa sekondari moja ya Ilemela, na hapo akabaki miaka thelathini na mmoja. Alijenga nyumba yake katikati ya mawe mawili makubwa kiasi kwamba mkewe, Paskazia, alikuwa akianika nguo juu ya moja na kukausha mihogo juu ya jingine. Hawakujaliwa mtoto. Sebuleni, juu ya kochi, kilitundikwa cheti: mwaka fulani shule yake iliongoza wilaya nzima kwa somo la fizikia. Kioo chake kilipanguswa kila Jumamosi. Wageni walionyeshwa kabla ya kupewa chai.

Siri ya matokeo yale ilikuwa nukta. Aliwafundisha hivi: nguvu inayopita kwenye nukta yako haina mkono wa kuzungushia kitu, ni sawa na mtu anayesukuma mlango kwenye bawaba, atasukuma mpaka jua lizame, mlango hautafunguka. Basi mtu mwerevu huchagua nukta yake palepale inapokaa nguvu inayomsumbua. Nguvu hiyo inajifia yenyewe. Hesabu ya mistari kumi inabaki mitatu. Watoto wa wavuvi na wa wauza mitumba walitoka kwenye mtihani wakitabasamu.

Lakini kitabu alichosomea Butimba kilikuwa na sentensi moja chini ya ukurasa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ilisema kwamba uhuru huo ni wa kitu kilichotulia. Kitu kikiongeza mwendo au kikifunga breki, na nukta yako ikawa inakwenda nacho, uhuru umekwisha: pima kutoka kitovu cha uzito wake, au kama huwezi, basi hesabu na ule mshtuko wa mwendo. Machibya aliisoma. Aliipigia mstari kwa penseli. Ila mtihani haukuiuliza kamwe, na muhula ulikuwa mfupi. Mwaka wa kwanza aliiruka kwa aibu, mwaka wa pili kwa haraka, na mwaka wa tatu hakukumbuka kwamba kuna alichokiruka.

Katika miaka yote hiyo aliyeuliza ni mmoja. Jina lake Maige.

Maige alikaa dirishani, mtoto wa mpakiaji wa dagaa kule mwaloni, penye soko la samaki ufukweni, na siku za soko alikuja shule akiwa juu ya lori la magunia la baba yake. Siku hiyo alisimama, kama ilivyokuwa desturi, mikono nyuma.

"Mwalimu, na kama gari linafunga breki?"

"Breki imetoka wapi?"

"Magunia, Mwalimu. Gari likifunga breki, yanalala mbele. Hakuna mtu anayeyasukuma. Nimepima kutoka ukingo wa chini, kama ulivyotufundisha, sioni kinachoyalaza."

Darasa likaangua kicheko. "Yanasukumwa na harufu!" mmoja alisema. Na pale mbele, dawati la kwanza, Khalidi aligeuka. Khalidi alikuwa mboni ya jicho la Machibya, kijana wa hesabu safi na mwandiko safi. "Maige," alisema kwa upole uliokata zaidi ya tusi, "hapa ni fizikia. Siyo mwaloni."

Machibya aliangalia saa yake. Zilibaki dakika nne na mada mbili.

"Hilo haliji kwenye mtihani," alisema. "Kaa chini."

Maige akakaa.

Hiyo ni miaka ishirini na mbili iliyopita. Khalidi alikwenda chuo kikuu, akarudi mhandisi. Maige hakufika kidato cha tano. Alikwenda mwaloni, akajifunza kufunga mizigo, na katika kufunga mizigo akawa mtu wa kutafutwa. Walisema fundo la Maige hata shetani hulifungua kwa kisu. Wote wawili wakakutana tena kwenye kiwanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, mmoja ofisini, mmoja uani.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, gari jeupe lilisimama chini ya mawe ya Machibya. Khalidi alipanda ngazi akihema.

"Shikamoo, Mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Ni kiti, Mwalimu. Kiti cha ofisi hakina huruma."

Walicheka. Paskazia alileta chai. Khalidi alikiangalia cheti ukutani kama anayekiona mara ya kwanza, kisha akatoa karatasi kwenye begi. Wiki tatu nyuma, alieleza, walikuwa wakipeleka jokofu jipya Nansio, kisiwani. Jokofu refu la kiwandani, urefu wa mita mbili, upana wa sentimita sabini, la kusafirishwa likiwa wima kwa sababu mafuta ya kompresa hayataki lilazwe. Likiwa kwenye lori, likielekea bandarini, pikipiki ikakatiza mbele. Dereva akafunga breki. Jokofu likaanguka kifudifudi juu ya mguu wa mfungaji aliyekuwa amekaa mbele yake, kule nyuma ya lori.

"Nani huyo?"

"Maige, Mwalimu. Utamkumbuka. Yule wa dagaa."

Machibya aliweka kikombe chini.

"Mguu umevunjika mara mbili," Khalidi aliendelea. "Naumia, kusema kweli. Lakini kuna uchunguzi. Yeye anasema kosa ni la maelekezo yangu, kwamba niliagiza kamba moja, chini, usawa wa magoti. Mimi nilipiga hesabu. Hii hapa. Ikithibitika alifunga vibaya, ni uzembe, kazi imekwisha na matibabu ni juu yake. Ikithibitika ni maelekezo..." Hakumalizia. "Kamati inataka mtu wa nje, anayeheshimika. Nikakutaja wewe. Na Maige mwenyewe amekubali. Unajua alivyosema? 'Mwalimu ni wangu pia.'"

Alipoondoka, Machibya aliisoma ile karatasi. Mwandiko ulikuwa safi vilevile. Jokofu limechorwa, mishale imechorwa, na kwenye ukingo wa chini, upande wa mbele, pale ambapo jokofu lingepindukia, imewekwa nukta. Mistari mitatu. Jibu: halipinduki.

Alichukua sinia la bati, akalisimamisha juu yake boksi la kiberiti. Akalivuta sinia taratibu, kisha akalisimamisha ghafla. Kiberiti kikaanguka kifudifudi. Akakisimamisha tena. Kikaanguka. Akachomoa uzi kwenye kikapu cha Paskazia, akakifunga na ukingo wa sinia, chini, usawa wa magoti yake, kama kingekuwa na magoti. Kikaanguka, uzi ungali umekaza miguuni kama pingu. Akauhamishia uzi kifuani. Kikasimama.

"Leo mzee unachezea kiberiti?" Paskazia aliuliza mlangoni.

"Njoo uone. Sinia linasimama, si ndiyo? Linakishika kiberiti unyayo. Mwili wake bado unataka kwenda. Sasa ukipima ukiwa umesimama kwenye unyayo, huku kushikwa hukuoni, kunapita palepale uliposimama, ni kama mlango kwenye bawaba. Unauona uzito tu, na uzito unakivuta nyuma. Kwa hiyo unaapa kwamba hakiwezi kuanguka. Lakini pima kutoka hapa." Aligusa katikati ya boksi kwa kucha. "Kitovuni. Ukiwa hapa unaiona breki, ina mkono mrefu, ndiyo inayokiangusha."

"Kwa hiyo Maige hana kosa."

"Hana. Fundo la juu lingeliokoa. Khalidi amesimama mahali pasipoonekana mkosaji, akapima kutoka hapo."

"Na nani alimfundisha kusimama hapo?"

Machibya aliufungua uzi. Akakirudisha kiberiti mahali pake.

Siku ya kamati alivaa suti yake ya kustaafia. Ndani ya mfuko wa koti aliweka boksi la kiberiti na uzi. Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni isiyozunguka. Bwana Chenge, mkuu wa utumishi wa kiwanda, alikaa kichwani mwa meza. Khalidi kulia kwake. Maige aliketi ukutani, mguu umenyooshwa ndani ya plasta, magongo yameegemea kiti. Mkewe Hellen alikuwa kando yake, mikono imefungwa kifuani. Maige alipomwona Machibya alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyeona gati.

Maige ndiye aliyeanza kusema.

"Niliomba kamba ya pili, hapa, usawa wa kifua. Mhandisi akasema itakwaruza rangi ya mlango, na hesabu inasema hata hiyo moja ni ya ziada. Nikafunga moja. Nikalifunga sawasawa."

"Kamba ililegea," Khalidi alisema, bila kumwangalia.

"Haikulegea. Jokofu lilikuwa juu yangu na fundo limekaza vilevile. Wenzangu walilikata ndipo wakanitoa."

"Kwa hiyo fundo halipo," Chenge alisema.

"Halipo. Ningewaambia wasinitoe kwanza, mje mlione?"

Hellen alicheka peke yake. Chenge akapekua karatasi. "Mwalimu," alisema, "sisi hapa si wanasayansi. Tusaidie kwa kifupi."

Machibya alitia mkono mfukoni, akakishika kiberiti. Alikuwa tayari. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini kama shule kwenye mstari wa asubuhi. Ndipo Khalidi alipoinama, akatoa begini daftari kuukuu, jalada limefunikwa gazeti la zamani.

"Naomba kwanza nionyeshe hili, Mwenyekiti. Nimelitunza miaka yote." Na sauti yake ilikuwa na mapenzi, hilo ndilo lililouma; haikuwa na hila hata chembe. "Kidato cha nne. Kabati juu ya lori linaloondoka. Nukta kwenye ukingo wa chini. Halipinduki. Na huyu hapa Mwalimu mwenyewe."

Daftari lilisukumwa mbele yake. Wino mwekundu. Alama ya vema, kubwa, imepinda mkia kwa furaha. Na maneno, kwa mkono wake: *Safi sana. Wengine waige.*

Machibya alilitazama. Akaiona chaki, akasikia ko. Akawaona waliokaa kwenye madawati yale, thelathini na mmoja mara arobaini, mara hamsini, wamekuwa wahandisi wa barabara, wajenzi wa maghala, walimu waliokwenda kuwafundisha wengine nukta yoyote. Akakiona cheti na kioo chake cha Jumamosi. Akitamka sentensi moja, kitaanguka ukutani na vyote vilivyotundikwa nacho. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

"Hii ni alama yako?" Chenge aliuliza.

"Yangu."

"Na hesabu hii ni sahihi au si sahihi?"

"Ndivyo nilivyofundisha," Machibya alisema.

Lilikuwa jambo la kweli. Alijua, hata alipokuwa akilitamka, kwamba ni ukweli uliochaguliwa kama alivyokuwa akichagua nukta: palepale penye nguvu inayosumbua, ili ijifie yenyewe.

"Kwa hiyo ni sahihi," Chenge alisema, akaandika.

Kalamu ilikwenda hadi mwisho wa mstari, na Machibya hakuizuia.

Ndipo Maige alipozungumza kutoka ukutani. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua.

"Mwalimu, na breki?"

Watu wote walimgeukia Machibya. Khalidi pia, na kwa mara ya kwanza kwenye uso wake kulipita kivuli, kama vile kuna kitu alikisikia zamani.

"Hilo," Machibya alisema, "halimo kwenye karatasi."

Nyumbani Paskazia alikuwa akimsubiri penye mawe. "Umesema?"

"Nimejibu nilichoulizwa."

Paskazia alimvua koti, akatoa kiberiti mfukoni, akaenda kuwashia mkaa. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi alipomletea chai, lile boksi lilikuwa juu ya sinia, kando ya kikombe, limesimamishwa wima. Alilibeba kutoka jikoni hadi sebuleni kwa hatua ndogondogo lisianguke. Wamekaa pamoja miaka thelathini na minne, na hajawahi kumgombeza kwa ukali kama huo.

Barua ya kiwanda ilimfikia Maige siku ya nane. Uzembe. Machibya alisikia habari kwa mwuza mkaa. Aliandika barua kwa Chenge, akaichana. Akaandika ya pili, nzuri, yenye mchoro na kitovu na mshale wa breki, akaikunja, akaiweka nyuma ya cheti. Bado iko pale. Khalidi alipiga simu kushukuru, hakupokea. Simu iliita mpaka ikachoka.

Wiki ya tano alikwenda kwa Maige.

Ni juu, karibu na kilele, mahali ambapo nyumba zimeshikilia mwamba kama kupe na maji hupandishwa kichwani. Alipumzika mara tatu njiani. Kutoka pale ziwa lote lilionekana, limetulia, halina habari ya mtu. Hellen alikuwa akifua mbele ya nyumba. Alimwona, akaendelea kufua.

"Hodi hapa."

"Shikamoo," Hellen alisema ndani ya povu. Ilikuwa salamu iliyotolewa kwa sababu mama yake alimfundisha, si kwa sababu nyingine.

"Marahaba, mama. Mwenyeji yupo?"

"Atakwenda wapi?"

Maige alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa jiwe, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Kando yake palikuwa na kamba, rundo la vipande, na kila kipande kimefungwa fundo. Yalikuwa mengi. Alikuwa akifunga, akifungua, akifunga, kama mwanamke mwenye tasbihi.

Alipoinua uso na kuona ni nani, alishika magongo. Machibya hakuelewa mara moja anachotaka kufanya. Maige alijisukuma, akauma mdomo, mguu mzima ukatetemeka, akajiinua mpaka akasimama wima mbele ya mwalimu wake, kama walivyokuwa wakisimama darasani mwalimu akiingia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Karibu, Mwalimu."

"Kaa chini," Machibya alisema.

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Yalitoka vilevile, kwa sauti ileile, na yakamrudia usoni kama moshi.

Maige hakukaa. Aliegemea magongo.

"Nilikuwa nimesimama hivihivi nilipouliza," alisema. "Unakumbuka? Walicheka sana. Mimi sikuchukia. Nilijua iko siku utajibu, wewe ulikuwa mtu wa kujibu. Hata kule kiwandani nilimwambia Hellen, leo atajibu."

"Alisema hivyo kweli," Hellen alisema. Alikuwa ameacha kufua. "Alivaa shati jipya kwa ajili yako." Akakamua nguo, maji yakashuka kwenye mwamba. "Sasa mwalimu, umepanda mlima wote huu kutuletea pole? Pole tunazo. Majirani wametuletea hadi zimejaa ndani."

"Hellen," Maige alisema.

"Namwuliza mgeni tu. Kwani vibaya?"

Machibya alivua kofia. Alikuwa na hotuba. Aliipanga njiani kote, kila jiwe alilopumzikia aliongeza sentensi. Ilikuwa na kitabu cha Butimba ndani yake, na muhula mfupi, na daftari lenye wino mwekundu. Alimtazama Maige alivyosimama, mguu mmoja na miti miwili, mwili mrefu uliokuwa ukiyumba kidogo kutoka kwenye unyayo. Akakuta kwamba hotuba yote ilikuwa imepimwa kutoka mahali alipokuwa amesimama yeye.

"Uliza tena," alisema.

"Nini, Mwalimu?"

"Lile swali. Uliza."

Maige alikaza magongo chini ya makwapa. Hellen alisimama na nguo mkononi, inadondosha maji.

"Na kama gari linafunga breki?" Maige aliuliza.

Machibya alifungua kinywa. Sauti ile iliyokuwa ikijaza darasa haikuwepo. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu, na hata Hellen, aliyekuwa hatua mbili, ilimbidi atazame midomo.

"Jokofu linaanguka," alisema.